Jinsi ya Kuchagua Hoteli ya Kifahari katika Atoli za Mbali za Maldivi

Utalii wa Maldivi ulianza mwaka 1972 ilipofunguliwa hoteli ya kwanza, na hadi leo utaratibu uliozoeleka ni kwamba kisiwa kimoja hupewa hoteli moja. Mgeni akishateremshwa gatini amekwisha kuingia katika kisiwa kisicho na mgahawa wa jirani, duka la barabarani wala ufuo wa pili atakaouhamia iwapo wa kwanza haukumpendeza. Anayelala Nungwi au Diani akichoshwa na chakula cha hoteli yake hutoka akala kwingine. Kule hana pa kutokea. Kwa sababu hiyo anayetaka utulivu wa atoli ya mbali anapaswa kuchagua kisiwa kwanza na chumba baadaye, ingawa matangazo yote yamepangwa ili afanye kinyume chake.

Atoli, neno lililotoka katika Kidhivehi, lugha ya wenyeji, ni pete ya miamba ya matumbawe inayozunguka maji yaliyotulia, na juu ya pete hiyo ndimo vilimo visiwa. Nchi nzima ina visiwa vipatavyo 1,200 katika atoli 26 zilizojipanga kutoka kaskazini hadi kusini kwa zaidi ya kilomita 800. Hoteli nyingi zimesongamana karibu na mji mkuu wa Malé na katika atoli ya Ari, mahali ambapo boti na ndege hupita mchana kutwa. Mwenye kutafuta ukimya wa kweli atazame mbali zaidi: Haa Alifu iliyo kaskazini kabisa, au Huvadhoo iliyo kusini, karibu na ikweta, atoli kubwa yenye visiwa zaidi ya 200 na hoteli chache. Huvadhoo hutawaliwa katika sehemu mbili, Gaafu Alifu na Gaafu Dhaalu, na hoteli huandika jina la sehemu badala ya jina la atoli. Usidhani ni mahali tofauti.

Swali la kwanza la kuiuliza hoteli ni namna ya kufika. Ndege zinazotua majini, ambazo hubeba abiria wapatao 15 na mara nyingi huendeshwa na marubani walio pekupeku, haziruki usiku. Anayetua Malé baada ya saa tisa na nusu alasiri hivi huenda akalazimika kulala mjini na kulipia usiku wa hoteli ambao hakuutumia. Mizigo nayo hupimwa kwa mizani mbele yako: kwa kawaida huruhusiwa kilo 20 za begi na kilo 5 za mkononi, na ziada hulipiwa. Anayesafiri kutoka Nairobi au Dar es Salaam kupitia Dubai au Doha atafute muunganiko unaofika asubuhi.

Atoli za kusini hufikiwa kwa ndege ya kawaida ya ndani. Kwa Huvadhoo ni mwendo wa kama saa moja hadi kiwanja cha Kooddoo au Kaadedhdhoo, kisha boti. Ndege hiyo huruka hata usiku, na binafsi naiona bora kuliko ya majini, ijapokuwa haina picha za kujivunia. Hata hivyo, uliza boti inachukua dakika ngapi, na kama inapita ndani ya atoli, ambako maji ni shwari, au inakata mlango wa bahari kuu. Kwa mtu anayechafukwa na bahari, jibu la swali hili lina uzito kuliko bwawa la kuogelea la vila.

Sasa tuje kwenye mwamba, kwa kuwa hapa ndipo visiwa vinapotofautiana hasa. Fungua picha ya satelaiti ya kisiwa na uisome polepole. Samawati iliyopauka ni mchanga wenye maji mafupi. Madoa ya kahawia mara nyingi ni matumbawe au majani ya bahari. Na mstari ambapo rangi inageuka ghafla kuwa buluu iliyokolea ndio ukingo wa mwamba, mahali samaki wanapokusanyika. Pima umbali kutoka ufuoni hadi mstari huo. Ukiwa mita 40 au 50, utavaa miwani na mrija asubuhi kabla ya chai na kuogelea hadi ukingoni mwenyewe. Ukiwa mita 400, utaingojea boti ya hoteli kila siku, na pengine utailipia. Kisiwa chenye ukingo wa karibu aghalabu hakina eneo pana la maji ya kijani kibichi yanayoonekana kwenye mabango, na chenye maji hayo aghalabu hakina mwamba wa karibu. Ni nadra kupata vyote viwili, na familia yenye watoto wadogo inaweza kuona kuwa maji mafupi ndiyo yanayowafaa. Kumbuka pia kwamba joto la bahari lilipausha na kuua matumbawe mengi mwaka 1998 na tena 2016, kwa hiyo waombe picha za mwamba zilizopigwa mwaka huu. Hoteli yenye mtaalamu wake wa viumbe vya bahari hujibu kwa urahisi. Isiyo naye hukutumia tena picha ya machweo.

Angalia vilevile kuta za mawe zinazozuia mawimbi. Huwekwa kwa sababu fuo za huko huhama kufuata pepo, na upande wenye mchanga mpana mwezi Februari unaweza kuwa mwembamba mwezi Agosti. Kupwa kwa maji, kwa upande mwingine, kusikusumbue: tofauti ya kupwa na kujaa ni kama mita moja tu, si kama bamvua la Paje ambapo bahari huondoka ikaacha mashamba ya mwani yakiwa makavu.

Pepo zenyewe msomaji wa pwani anazijua, maana ni kaskazi na kusi zilezile kwa majina mengine. Iruvai huleta ukavu takriban Desemba hadi Aprili, na hulhangu huleta mvua na mawimbi kuanzia Mei. Karibu na ikweta mvua imegawanyika zaidi katika mwaka, ndiyo maana anayefuata bei ya punguzo ya Juni hupoteza siku chache kwa mvua kusini kuliko kaskazini. Ila anayefuata taa wakubwa aina ya manta atautaka msimu wa kusi, kwani ndipo wanapokusanyika katika ghuba ya Hanifaru, atoli ya Baa, ambayo UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya baiyosfia, yaani eneo la viumbe na mazingira yanayolindwa, mwaka 2011. Kama shabaha yako ni papa potwe pekee, Kilindoni kule Mafia kunatosha, na fedha nyingi itabaki mfukoni.

Kuhusu bei, isome karatasi hadi mstari wa chini. Alama mbili za kujumlisha baada ya bei zina maana kwamba ada ya huduma na kodi bado. Chukua chumba cha dola 1,000 kwa usiku: ongeza huduma ya asilimia 10, ziwe 1,100, juu yake kodi ya utalii ya asilimia 17, iliyoanza Julai 2025, ziwe 1,287, kisha kodi ya mazingira ya dola 12 kwa kila mtu kwa usiku. Watu wawili watalipa 1,311, na kwa siku saba ni 9,177, kabla ya nauli ya ndege ya ndani na boti, ambayo huweza kufika mamia ya dola kwa kila mtu. Mpango wa kifungua kinywa na chakula cha jioni pekee huonekana nafuu hadi utakapoona bei ya mlo wa mchana. Kisiwani humo hakuna wa kushindana nao.

Juu ya chumba nina machache. Vila za juu ya maji hupendeza, lakini iliyo mwishoni mwa daraja hupigwa na upepo na iko mbali na chakula. Ya ufukweni ina kivuli cha miti. Omba upewe namba ya vila kwa maandishi.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, uliza kama kuna daktari anayeishi kisiwani, kama kuna ujenzi katika kisiwa cha jirani, na masharti ya kuahirisha safari, kisha ukate bima inayogharimia kusafirishwa mgonjwa. Visa ya siku 30 hutolewa bure uwanjani, lakini fomu ya mtandaoni hujazwa ndani ya saa 96 kabla ya safari, na wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya, Uganda na Kongo zikiwamo, huonyesha cheti cha chanjo. Pombe na nyama ya nguruwe haziingizwi nchini na msafiri, ila hoteli zina kibali cha kuviuza. Asiyetaka kuchanganyiwa vyombo aseme mapema, jiko likapata muda wa kujiandaa.

Hoteli nyingi husogeza saa zao mbele kwa saa moja kuliko Malé ili jua lizame kwa kuchelewa. Siku ya kuondoka, hakikisha muda wa boti ulioandikiwa ni wa kisiwa au ni wa uwanja wa ndege.