Kabla hujatuma CV, nenda kajitafute mtandaoni

We unayeanza kutuma maombi ya kazi wiki hii, subiri kidogo. Na usiniambie "mimi sina folowazi", anayeajiri hana shida na folowazi wako, anataka jina tu na umemwandikia mwenyewe juu kabisa ya CV.

Jigugo. Jina kamili, alafu jina na chuo, alafu namba ya simu. Tumia simu ya mtu mwingine, yako imeshakuzoea.

Picha ya WhatsApp badilisha leo, maana HR akishasevu namba yako anaiona hata kabla hajasikia sauti yako. Imeli ya mbwembwe ya enzi za shule, achana nayo, fungua yenye majina yako. LinkedIn tarehe zifanane na za kwenye CV, na kile kiduara cha kijani cha kutangaza unatafuta kazi, kama bado una ajira usikiwashe kwa kila mtu. Kuna sehemu ya kuchagua waone waajiri tu, ila hata hapo LinkedIn wenyewe hawakupi uhakika kwamba bosi wako hatajua.

Sasa akaunti za zamani. Hapa tulia.

Kuna rafiki yangu alijipanga kwelikweli, Facebook kaficha posti zote za nyuma, Instagram kafuta kila picha yenye chupa, LinkedIn kavaa tai. Kaenda kwenye usaili, maswali anayajibu vizuri tu, mara mama mmoja wa kwenye paneli akamgeuzia laptop, "na huyu ni nani?" Akaunti nyingine ya Facebook, ile aliyofungua akiwa shule akaitumia mpaka kwenye kibarua chake cha kwanza, majina yake yote matatu, sura ile ile ila imekonda, na hapo juu kamporomoshea matusi bosi wa wakati huo kwa jina. Jamaa kwa kupaniki akasema sio mimi! Mama akashusha kidogo, picha ya mahafali, chuo kile kile cha kwenye CV. Nadhani yale matusi wangeyameza, utoto ule, lakini kudanganya watu mkiwa mmekaa meza moja, nani atakupa kazi? Hawakumpigia tena.

Alafu akashindwa kuifuta. Laini aliyosajilia ilipotea zamani, na laini isipotumika muda mrefu kampuni huwa inaichukua inampa mtu mwingine, kwa hiyo kodi za kubadilisha pasiwedi zilikuwa zinaenda kwa mtu asiyemjua kabisa. Imeli ya siku zile hata herufi ya kwanza ya pasiwedi haikumbuki. Kilichomwokoa ni kompyuta chakavu ya kaka yake aliyowahi kuingilia, Facebook ikaitambua. Na ukiomba kufuta wanakupa siku 30 za kughairi kwanza, Google nayo inaweza kukaa na kiungo cha zamani muda fulani hata kama ukurasa haupo tena. Ndo maana nasema anza mapema, usisubiri uitwe, na anza na akaunti uliyoisahau, hii unayoitumia kila siku unaijua tayari. Na ukioneshwa, kubali ni yako.

Komenti nazo. Watu wanasafisha posti wanaacha komenti walizomwaga kwenye kurasa za wengine, ingia kwenye kumbukumbu ya shughuli zako uzipitie. Tagi weka zipite kwako kwanza kabla hazijatokea.

Ila usifute kila kitu ukabaki mweupe, na usianze kumwaga motivesheni kila asubuhi kama mchungaji, inajulikana tu. Usiposti umeitwa wapi kwenye usaili. Usitangaze kazi kabla hujasaini mkataba. Ukifuatwa inboksi kwamba umepata kazi ambayo hukuomba, tuma hela ya fomu, bloku hapo hapo. Na lile grupu la WhatsApp mnalomsemea bosi wenu wa sasa, humo ndani kuna mtu anakusanya skrinshoti, toka kwanza ndo urudi kwenye CV.