Somo: Kuita methodi ya objekti na methodi tuli katika programu ya PHP yenye matabaka

Wengi hukutana na tatizo hili siku seva inapohamishiwa PHP 8: programu iliyofanya kazi kwa miaka inasimama ghafla, kwa kosa la kuita methodi isiyo tuli kana kwamba ni tuli. Methodi ni kazi iliyoandikwa ndani ya klasi, yaani kiolezo cha kuundia objekti; iliyo tuli (`static`) huitwa kwa jina la klasi, isiyo tuli huitwa kupitia objekti. Katika PHP 7 mwito huohuo ulitoa onyo tu. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2020 ni kosa kamili. Mfano wetu ni programu ya ankara yenye matabaka matatu: kidhibiti kinachopokea ombi, huduma inayoandaa ankara, na hifadhi inayosoma hifadhidata.

Hatua ya 1. Fungua methodi inayolalamikiwa, utafute `$this` (objekti ambayo methodi imeitwa kupitia kwake) ndani yake. Ikiwa `andaa()`, methodi ya huduma yetu, inasoma `$this->hifadhi`, inategemea kitu kilichobebwa na objekti fulani, wala haiwezi kufanya kazi bila objekti hiyo. Ikiwa haigusi chochote isipokuwa vigezo ilivyopewa, kama `kokotoa()` inayopokea 50,000 na kurudisha kodi ya 18%, yaani 9,000, inaweza kuwa tuli bila madhara.

Hatua ya 2. Andika mwito unaolingana na ulichokiona:

`$huduma = new HudumaYaAnkara($hifadhi);`
`$ankara = $huduma->andaa($namba);`
`$kodi = Kodi::kokotoa($ankara->kiasi);`

Hatua ya 3, ambayo ndiyo hukosewa zaidi. Usiliponye kosa kwa kubandika neno `static` kwenye `andaa()`. Ukifanya hivyo `$this` haipatikani tena humo, kwa hiyo hifadhi nayo italazimika kuitwa bila objekti, na muunganisho wa hifadhidata utahamia kwenye sifa tuli (kigeu cha klasi yenyewe, si cha objekti) ambayo klasi yoyote inaweza kuifikia. Kiraka kimoja huzaa kingine mpaka tabaka la chini kabisa, na siku utakapotaka kuijaribu huduma kwa hifadhi ya bandia, hutapata pa kuipitishia. Niliwahi kukesha nikiviondoa viraka vya namna hiyo, nilivyovibandika mwenyewe.

Hatua ya 4. Unda objekti zote mahali pamoja, mwanzoni mwa programu, kisha uzipitishe kwenye konstrakta, yaani methodi inayoitwa objekti inapoundwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona `parent::hifadhi()` hutumia nukta pacha mbili na PHP hailalamiki, ingawa methodi hiyo si tuli?*

Kwa sababu mwito unatoka ndani ya objekti ya klasi mtoto, na PHP huipitisha `$this` ileile hadi kwenye methodi ya mzazi. Alama peke yake haikuambii kama mwito ni tuli. Tazama pia umeandikwa wapi.

*Nichague `self::` au `static::`?*

`self::` hurejelea klasi ambamo mstari umeandikwa. `static::`, iliyokuja na PHP 5.3 mwaka 2009, hurejelea klasi iliyoitwa wakati programu inaendeshwa. Ukiandika `new self` katika `tengeneza()` ya mzazi, hata anayeiita kupitia klasi mtoto atapewa objekti ya mzazi.

*Ndugu, methodi tuli yaweza kuitwa kwa mshale?*

Ikiwa `$kodi` ni objekti ya klasi `Kodi`, si kiasi cha kodi kama katika Hatua ya 2, PHP inaruhusu `$kodi->kokotoa()`, lakini msomaji atadhani kwamba objekti hiyo ina jambo inalolihifadhi. Mimi huandika jina la klasi.