Mtoto kawekewa shanti kichwani, mwangalie hivi ukiwa nyumbani

Wenye watoto wa kichwa kikubwa cha kujaa maji mnaijua, shanti ni kale kampira kanakotoa maji kwenye ubongo, kanapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani mpaka tumboni. Shida zake kubwa ni mbili, kuziba na kuingia wadudu, yaani maambukizi, na wadudu mara nyingi wanajitokeza miezi ya mwanzo baada ya oparesheni.

Sasa fanya hivi, chukua tepu ya fundi cherehani, kila wiki zungusha juu kidogo ya nyusi na nyuma pale kichwa kilipochomoza zaidi, andika kwenye daftari na tarehe, maana ukikaa na mtoto kila siku jicho linazoea halioni tofauti. Utosi uguse akiwa ametulia na umemkalisha, akilia unavimba hata kwa mtoto mzima kabisa. Ukikuta umejaa na kukaza, anatapika hovyo, analala mno, macho yanashuka chini kama jua linazama, au homa na wekundu kwenye njia ya mpira, hospitali siku hiyo hiyo jamani, na kabla hawajasema malaria waambie ana shanti.

Kama bado hajawekewa shanti, uliza ile oparesheni ya kutoboa kitundu ndani ya ubongo bila kuacha mpira, hospitali ya CURE ya Mbale Uganda walijulikana sana kwa hiyo enzi za daktari wa upasuaji wa ubongo, Dkt. Benjamin Warf. Ila si kila mtoto inamfaa, daktari ataangalia umri na kilichosababisha maji kujaa kichwani.