Huoguo ya kula mpaka ushibe: tambi ziwe za mwisho

Mkienda kula huoguo, kile chungu cha supu ya Kichina kinachochemka katikati ya meza (si hotpoti ya kuhifadhia wali), pale mnapolipa mara moja na kula mpaka mshibe, msitie tambi wala viazi mwanzoni. Anzeni na nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, kisha uyoga na mboga za majani. Nilijaribu juzi, supu ikabaki nyepesi na tamu hadi tunaondoka. Wanga ukitangulia unaifanya supu kuwa nzito kama uji, inashika chini na kuungua, halafu tumbo linajaa upesi na nyama mliyoilipia mnaiangalia tu.

Nyama nayo tieni vipande vitatu vinne kwa mara moja. Ukimimina sahani nzima supu inapoa, inaacha kuchemka, na vipande vilivyogandana vinabaki vibichi katikati. Supu ikitokota vizuri, kipande chembamba hubadilika rangi chote ndani ya nusu dakika hivi. Kitoe hapo hapo kabla hakijakakamaa. Vijiti vya kushikia nyama mbichi visiwe vya kulia, tafadhali sana.

Mkiwa na watoto wenye njaa mpango huu hauwezekani: wachemshieni tambi ndani ya kichujio kidogo cha waya, mzitoe zote. Na kama mkahawa unawapa dakika 90 tu, viazi visisubiri dakika ya mwisho, maana vipande vinene havitaiva.