Bana video yako kwa VP9 kabla ya kuipandisha

Wateja wangu hapa Kondele, Kisumu, wengi hununua bando za siku, kwa hiyo video ya harusi siipandishi kwenye tovuti kabla sijaibana. Natumia VP9, njia ya kubana video iliyotoka mwaka 2013. Google huitoa bila ada ya leseni, na vivinjari vikubwa vinaicheza.

Sakinisha ffmpeg, programu ya kubadilisha video, fungua dirisha la amri kwenye folda yenye video, andika:

ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v libvpx-vp9 -crf 33 -b:v 0 -c:a libopus harusi.webm

Hiyo -b:v 0 usiiache kabisa: ndiyo inayoiambia programu ishike ubora badala ya kufuata kiwango cha biti (data kwa kila sekunde). Namba ya crf, inayopanga ubora, ni 0 hadi 63. Ikipanda, faili hupungua na picha huharibika. Mimi hukagua pale maharusi wanapopigwa picha ufukweni Dunga. Mawimbi yakianza kukatika vipande kama vigae, nashusha hadi 30.

Kazi huenda polepole, hasa kwa laptopu ya zamani. Iache usiku, chaji ikiwa imechomekwa.

AV1, njia nyingine ya kubana ya 2018, hubana zaidi, ila simu nyingi za zamani hazina chipu ya kuifungua, na betri huisha upesi. Kwenye ukurasa tanguliza faili mpya ya webm, mp4 ifuate kwa vifaa visivyoielewa.