Mgeni kazini, rudisha maagizo kwa maandishi

Ukiwa mgeni kazini, hujuma haiji kwa matusi. Kikao kinasogezwa kutoka saa 4 hadi saa 3, wewe huambiwi. Unadaiwa ripoti haraka bila kupewa faili la mwezi uliopita, kisha mbele ya bosi unasikia, "Huyu bado hajashika kazi." Kinachoumiza ni kwamba bado huijui ofisi, hivyo unaanza kuamini kweli huwezi. Unaacha kuuliza, na makosa yanaongezeka.

Kila ukiagizwa kwa mdomo, mtumie aliyekuagiza ujumbe mfupi: "Kama tulivyoongea, nitaleta orodha ya stoo Ijumaa saa 6 mchana. Nimekuelewa sawa?" Kwa heshima, bila lawama.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, maana vifungu vya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 vinavyozuia kuachishwa kazi isivyo haki havimgusi aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri wake. Kwa hiyo usingoje tathmini. Wiki ya nne, muombe msimamizi dakika 10, ukiwa na ujumbe huo mkononi.