Namna ya kulisoma na kuliandika neno "panda" bila utata

"Wanafunzi wamepanda miti." Tangazo hili likibandikwa kwenye ubao wa shule Kibosho, mmoja ataona miche imeingia shimoni, mwingine ataona watoto wako matawini. Sarufi ni safi, na sikio halitakusaidia, maana kote hutamkwa vilevile.

Kwanza amua kama ni nomino. Panda ya mti ni pale tawi linapogawanyika, ndipo hukatwa kijiti cha manati. Njia panda ni umbo hilohilo ardhini, kama pale Himo ambapo barabara ya Holili huachana na ya Dar es Salaam. Panda la uso ni paji. Panda ya kupulizwa, yaani baragumu, siku hizi utaikuta zaidi kwenye kamusi.

Kikiwa kitenzi, tazama kinachofuata. Mbegu, miche, mahindi: ni kutia ardhini. Ngazi, mlima, daladala: ni kwenda juu au kuingia. "Mpanda hovyo hula hovyo" ni mkulima. "Mpanda ngazi hushuka" siye. Vipimo navyo husema: nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ni mahindi, mita 5,895 ni Kilimanjaro. Bei ikipanda sokoni Tengeru, au hasira zikimpanda mtu, ni kuongezeka tu.

Ukibaki na shaka, weka "kwea" mahali pake. Kukwea Kilimanjaro kunakubali, kukwea mahindi kunakataa.

Wengi hukimbilia kunyambua kitenzi, na hapo ndipo wanaponaswa. Mnyambuliko wa -ia hautenganishi kitu: mbolea ya kupandia, ile inayotangulia shimoni kabla ya mbegu, na ngazi ya kupandia zote ni sahihi. Wala -wa: "mparachichi umepandwa" bado ni fumbo. Vinavyotenganisha ni viwili. "Pandikiza" iko upande wa kuotesha: miche kutoka kitaluni, na kwa madaktari, figo. "Pandisha" iko upande wa juu: bendera, cheo, bei.

Wafugaji wana "pandisha" yao, kumpeleka ng'ombe kwa dume. Kwenye daftari la kumbukumbu usiitumie kwa uhimilishaji, yaani ng'ombe kutiwa mbegu za dume kwa mkono wa mtaalamu bila dume mwenyewe, zile zinazotoka kituo cha Usa River. Andika "amehimilishwa", tarehe na namba ya dume. Ukiandika "amepandishwa", mtaalamu wa mifugo ataulizia dume la jirani, na ukoo wa ndama utapotea hapohapo.

Unapoandika tangazo, rekebisha kinachofuata kitenzi kabla ya kugusa kitenzi chenyewe. "Wamepanda miche ya miti" inatosha. "Tunafundisha kupanda Machame" ni mbovu kwa kampuni ya utalii na kwa bwana shamba pia: wa kwanza aandike "kupanda mlima kwa njia ya Machame", wa pili "kupanda migomba, Machame".